Oman kwa gari na kwa mwendo wa pole: ni wapi pa kusimama tukiwa na mzee?

Binti wa Chumbageni:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na heshima zangu kwa wote.

Mwezi wa Januari, Mungu akipenda, mimi na mume wangu tutakwenda Oman pamoja na mama mkwe wangu, ambaye amevuka umri wa miaka sabini na ambaye magoti yake hayampi tena ruhusa ya kupanda ngazi nyingi. Tutafikia Muscat kwa jamaa, kisha tutakodi gari na kuzunguka wenyewe. Hatutaki ziara ya kukimbizana, ambayo mtu hushuka garini, hupiga picha, hupanda tena, na ikifika jioni hakumbuki asubuhi alikuwa wapi. Tunataka mahali pa kutandika mkeka, kufungua chupa ya chai na kutazama nchi kwa utulivu.

Mama mwenyewe ana ombi moja tu, nalo ni kuiona Sur, kwa sababu alipokuwa mtoto aliyaona majahazi ya Wasuri yakishusha tende bandarini Tanga. Mengine yote ametuachia sisi tuchague. Naomba wenye kuifahamu nchi ile watueleze ni vituo gani vinavyostahili nusu siku au zaidi, ni vipi tuvipite bila majuto, na kama kuna haja ya kufika hadi Salalah au tubaki kaskazini. Naomba pia mtufahamishe kama gari dogo la kawaida linatosha, maana bei ya gari la 4x4 ni kubwa zaidi.

Mkaazi wa Seeb:

Wa alaykum salaam dada yangu, na mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja na nimeishi huku kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza kama ambavyo ningemweleza mgeni wangu mwenyewe.

Ombi la mama lipeni nafasi ya kwanza, kwa kuwa njia ya kwenda Sur yenyewe ndiyo safari. Kutoka Muscat hadi Sur ni takriban kilometa 200 za lami nzuri, na mwenye haraka huzimaliza kwa saa mbili na kitu. Ninyi tengeni siku nzima. Baada ya Quriyat barabara inashuka hadi ufukweni, na kutoka hapo mtakuwa na bahari upande wa kushoto na safu ya milima mitupu, isiyo na mti wala nyasi, upande wa kulia, hadi mwisho wa safari. Mtu aliyezoea mwambao wetu wa minazi na mikoko hushangazwa na pwani iliyo kavu kiasi hicho, na mimi hadi leo sijaizoea nikaacha kuitazama.

Kituo cha kwanza kiwe Bimmah, penye shimo kubwa la mviringo ambalo chini yake mna maji ya rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani. Wenyeji wamesimuliana tangu zamani kwamba nyota ilianguka pale, ila wataalamu wa miamba wanaeleza kuwa ni jiwe la chokaa lililoyeyushwa na maji taratibu kutoka chini hadi paa lake likaporomoka. Shimo limo ndani ya bustani yenye maegesho, vivuli na vyoo, na mama anaweza kulitazama kutoka ukingoni bila kushuka ngazi, wakati ninyi mnateremka kuogelea. Fikeni mapema asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii kuwasili.

Wadi Shab (wadi ni bonde la mto), ambayo kila mtu atawatajia, nawashauri mwiache. Uzuri wake hauna ubishi, lakini mtu huvuka kwa mashua ndogo, kisha hutembea kwa takriban dakika 45 juu ya mawe, na mwisho huogelea ili kuifikia pango lenye maporomoko. Safari hiyo haimfai mama, na kumwacha garini chini ya daraja si heshima. Badala yake ingieni Wadi Tiwi, iliyo jirani kabisa, kwa kuwa humo gari hupita katikati ya vijiji, mitende na migomba, huku maji ya mifereji yakitiririka kandokando ya njia. Njia ni nyembamba, na ikikutana na gari jingine mmoja lazima arudi nyuma, kwa hiyo msiende mbali sana. Tafuteni mahali pa kuegesha bila kumzibia mwenyeji mlango, kisha kaeni. Mama ataijua migomba ile kabla hamjamwonyesha.

Kabla ya kufika Sur mtapita Qalhat, mji uliokuwa bandari kubwa chini ya wafalme wa Hormuz na ambao tangu mwaka 2018 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kilichosimama wazi sasa ni kaburi la Bibi Maryam, ambalo kuba lake limeanguka lakini kuta zake bado zina adabu ya ujenzi wa zamani. Ibn Battuta, ambaye tunamkumbuka kwa kufika kwake Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Qalhat pia: chombo kilitia nanga Sur, akauona mji kwa mbali, akaamua kwenda kwa miguu, na njia hiyo ikamtesa hadi nyayo zikavuja damu. Wareno waliuchoma mji ule mwaka 1508, miaka mitatu tu baada ya kuiteka na kuipora Kilwa. Mkiwa Muscat ulizeni kwanza kama eneo liko wazi kwa wageni. Hata likiwa limefungwa, inafaa kusimama pembeni na kumweleza mama mahali alipo, kwa sababu historia ile ni ya bahari moja na yetu.

Sur kwenyewe laleni usiku zaidi ya mmoja. Asubuhi nendeni kwenye kiwanda cha majahazi, ambako mafundi bado wanaunda kwa mbao na ambako harufu ya mbao iliyokatwa punde humpokea mtu mlangoni. Karibu na hapo ipo Fatah al Khair, jahazi kubwa lililoundwa Sur mwaka 1951, ambalo sasa limewekwa nchi kavu ili watu walione. Mama akisimama chini ya tezi lake ataweza kukisia kama ni la aina ile aliyoiona Tanga. Vyombo hivyo viliondoka Sur na kaskazi vikiwa na tende, chumvi na samaki mkavu, na vikarudi na kusi vikiwa vimesheheni boriti za mikoko kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji. Nyumba nyingi za Arabuni katika nchi isiyo na miti zimeezekwa kwa boriti hizo. Alasiri vukeni daraja linaloning'inia hadi Al Ayjah, mtaa wa nyumba nyeupe na mnara wa taa, mkakae ukingoni mwa hori hadi Magharibi. Hakuna kiingilio wala ngazi, na mimi sijui mahali pengine Oman panaponituliza kama pale.

Mama wa Nyali:

Dada, pole na maandalizi. Mimi nilizunguka huko na mama yangu mzazi, naye pia alikuwa mtu wa magoti, kwa hiyo nitazungumzia upande wa milima, ambao ndugu yetu wa Seeb hajaugusa.

Watu wengi hupanda Jebel Shams kwa sababu ndio mlima mrefu kuliko yote Oman, wenye kimo cha takriban mita 3,000, na kwa sababu ya korongo lake, ambalo kina chake kinakaribia kilometa moja. Ukweli ni kwamba mandhari ile inatisha na kupendeza kwa wakati mmoja, na ipo sehemu yenye uzio ambapo mtu anasimama hatua chache tu kutoka garini akaona vyote. Hata hivyo sehemu ya barabara haina lami, gari hutikisika sana, na Januari usiku huwa na baridi kali inayokaribia kugandisha maji. Kwa mzee wa pwani, baridi hiyo peke yake ni mtihani.

Mimi nampendekezea mama yako Jebel Akhdar. Barabara yake ni lami tangu chini Birkat al Mouz hadi juu, uwanda wa Saiq uko kwenye kimo cha takriban mita 2,000, na vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah vimening'inia kwenye genge pamoja na mashamba yake ya ngazi, ambamo hupandwa mikomamanga, milozi na mawaridi. Waridi lenyewe huchanua kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, wakati ambapo wenyeji huchemsha maua kwenye majiko ya udongo na kukusanya marashi, kwa hiyo Januari hamtaliona. Lakini marashi yanauzwa mwaka mzima, na mandhari ya mashamba yale, hata yakiwa yamepumzika, inatosha kumkalisha mtu asubuhi nzima. Sisi tulikaa ukingoni, mama akiwa kwenye kiti cha kukunja na shuka begani, akahesabu mashamba ngazi kwa ngazi hadi akapotea, akaanza upya. Chukueni kiti kama hicho. Ndicho kitu kilichotufaa kuliko vyote tulivyobeba.

Sharti la Jebel Akhdar ni moja, na halina msamaha: mwanzo wa mlima kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilo la 4x4 haliruhusiwi kupanda. Sababu si ubovu wa barabara. Mteremko ni mrefu na mkali, na gari dogo likishuka kwa kukanyaga breki tu, breki hupata moto na kushindwa. Mume wako ashuke kwa gia ya kwanza au ya pili na awaachie wenye haraka wapite.

Chini ya mlima kuna Nizwa, na hapo msilale usiku mmoja tu. Mnara wa mviringo wa ngome yake ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba. Ngazi za kupanda juu ni nyingi, hivyo mama abaki uani chini, ambako kuna vivuli na vyumba vya maonyesho. Soko liko mlangoni mwa ngome, na halua yake inapikwa vizuri kiasi kwamba mtu wa Mombasa lazima akubali kuwa amekutana na wenzake. Safari fupi ya gari itawafikisha Bahla, yenye ngome ya udongo iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mbele kidogo kuna Jabrin, ngome ya karne hiyo hiyo ya 17, iliyojengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan, ambaye amezikwa humo humo. Kama itabidi kuchagua moja, chagueni Jabrin, kwa ajili ya dari zake za mbao zilizochorwa maua. Bahla ni kubwa na ya fahari, lakini inachosha miguu.

Mwana wa Amu:

Ndugu zangu mmeeleza vizuri, nami sitaki kupinga, ila naona Salalah inasahaulika kwa sababu tu ya umbali.

Dada, Salalah haiko mbali na sisi kama Muscat ilivyo mbali. Pale mtaona minazi, migomba na mipapai, na kando ya barabara vibanda vinavyouza madafu na ndizi, mambo ambayo kule kaskazini ni adimu. Penye magofu ya Al Baleed ndipo ulipokuwa mji wa Zafari, alikoshukia Ibn Battuta alipotoka Kilwa. Miti ya ubani inaota katika mabonde nyuma ya milima, na bonde la Wadi Dawkah limehifadhiwa kwa ajili yake. Mtu aliyefukiza ubani nyumbani maisha yake yote, akiuona utomvu ukitoka kwenye gome la mti kama tone la maziwa, husimama kimya akautazama.

Kuna jambo jingine ambalo kwa familia nyingi za pwani ni zito zaidi ya mandhari. Mashariki ya Salalah kuna mji mdogo wa Mirbat, na nje yake lipo kaburi la Muhammad bin Ali, anayejulikana kama Sahib Mirbat, ambaye masharifu wa Ba Alawi wa Hadhramaut, na kwa hiyo masharifu wetu wa Lamu, Unguja na Ngazija, wanahesabu nasaba zao hadi kwake. Njia ya kufika huko ni tambarare, inapitia Taqah na bonde la Wadi Darbat, na kote mtu anaweza kusimama apendapo. Nawahurumia wanaokwenda Oman wakarudi bila kufika.

Binti wa Chumbageni:

Nawashukuru sana wote, na shikamoo ya mama imefika. Nilimsomea habari ya Fatah al Khair, akaniambia niisome tena.

Nimeelewa upande wa pwani na upande wa milima. Sasa ninachokosa ni katikati: kutoka Sur hadi Nizwa tupite wapi, na je, tunaweza kuuona mchanga wa jangwa bila kumchosha? Pili, kaka wa Amu amenitia hamu ya Salalah. Je, inawezekana kuiunganisha na safari hii kwa gari hilo hilo? Tatu, mume wangu hajawahi kuendesha katika nchi ya kupita upande wa kulia. Ni mtu makini, lakini ningependa kujua wapi pana hatari zaidi.

Mkaazi wa Seeb:

Dada, naanza na Salalah, kwa kuwa ndiyo itakayoamua mengine. Aliyoyasema mwenzetu wa Amu ni kweli tupu, na Mirbat nimezuru mwenyewe. Lakini kutoka Muscat hadi Salalah ni takriban kilometa 1,000, na sehemu kubwa ya barabara ya ndani, inayopita Adam na Haima, ni uwanda usio na mlima, mti wala kijiji kwa masafa marefu. Kumpitisha mzee hapo kwa gari ni kumpa uchovu bila malipo. Aidha ule ukungu na ukijani ambao Salalah inasifiwa nao huja na kusi, kati ya Juni na Septemba. Januari milima huwa imekauka, ingawa hali ya hewa ni nzuri na pwani inapendeza. Kwa hiyo kama muda na fedha vinaruhusu, maliza safari ya kaskazini, rudisheni gari Muscat, mpande ndege, kisha mkodi gari dogo kule kule. Kama haviruhusu, iacheni kwa safari nyingine na msihuzunike.

Katikati ya Sur na Nizwa kuna mambo matatu yanayostahili. La kwanza ni Wadi Bani Khalid, bonde lenye maji ya kudumu mwaka mzima. Kutoka kwenye maegesho kuna matembezi mafupi kando ya mfereji hadi kwenye mabwawa, ambako pana mkahawa na mahali pa kukaa. Mkienda siku ya kazi mtapata utulivu, lakini Ijumaa na Jumamosi familia za mjini hujaa. La pili ni mchanga wa Sharqiya, ambao watu wengi bado wanauita Wahiba, wenye vilima vinavyofikia kimo cha mita 100. Msithubutu kuingia peke yenu hata mkiwa na gari la 4x4, kwa sababu mchanga una utaalamu wake, kuanzia kupunguza upepo wa magurudumu hadi kujua upande wa kukata kilima. Wenye kambi huja kuwachukua wageni Bidiyah kwa magari yao. Ombeni kufikishwa saa kumi za jioni, ili mama akae juu ya kilima cha chini na kuona mchanga ukibadilika kutoka rangi ya manjano hadi rangi ya kutu, kisha mle na kulala.

La tatu ni Ibra, ambayo haimo katika vipeperushi vingi vya watalii, na hilo linanisikitisha. Huo ni mji wa Al Harthi na Al Barwani, koo ambazo watu wake wengi walikwenda Unguja, Pemba na bara, na ambao watoto na wajukuu wao wapo hapo leo. Mtaa wa zamani una nyumba za udongo za wafanyabiashara, nyingi zikiwa zimebomoka, zenye milango na matao yanayoonyesha utajiri uliopita. Kila Jumatano asubuhi kuna soko la wanawake, ambalo desturi yake ni wanaume kubaki nje. Mume wako atawasubiri mkahawani, nanyi mtaingia na mama, mtaona vitambaa, mapambo, manukato na dawa za kienyeji. Msishangae muuzaji akisikia mnavyozungumza na kuwajibu kwa Kiswahili kizuri, kwa kuwa katika mji ule jambo hilo ni la kawaida.

Kuhusu gari, kodini la 4x4 kwa safari yote. Gari dogo lingetosha kwa pwani, Ibra na Nizwa, lakini lingewanyima Jebel Akhdar, na mimi nakubaliana na dada wa Nyali kwamba mlima ule ndio unaomfaa mama.

Kuhusu uendeshaji, barabara zenyewe ni pana na zimewekwa alama kwa Kiarabu na Kiingereza. Hatari ya mgeni kutoka kwetu iko mahali pawili. Kwanza ni kwenye vipilefti, ambako mtu huzungukia kulia na kumpisha anayetoka kushoto, kinyume kabisa cha mazoea ya mume wako. Pili ni anapotoka kwenye kituo cha mafuta kilicho peke yake barabarani, wakati hakuna gari jingine la kumkumbusha upande, na mkono wa mazoea humpeleka kushoto. Wewe uliyekaa pembeni yake uwe na kazi ya kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani, hadi atakapozoea. Kamera za mwendo ziko nyingi, kwa hiyo azingatie kikomo. Mvua ikinyesha milimani, hata kama mlipo kuna jua, msivuke bonde lenye maji yanayotiririka, hata yakionekana ya kifundo cha mguu; maji yale huongezeka ghafla na kubeba magari, na polisi huwachukulia hatua wanaovuka.

Mwisho ni mpango wa siku, kwa sababu masoko mawili ndiyo yanayopaswa kuuongoza. Ondokeni Muscat Jumapili, mlale Sur Jumapili na Jumatatu. Jumanne piteni Wadi Bani Khalid na mlale mchangani Bidiyah. Jumatano asubuhi muwe Ibra sokoni, na jioni muingie Nizwa. Alhamisi nendeni Jabrin kwa starehe. Ijumaa amkeni mapema, kwa kuwa soko la mifugo la Nizwa huanza asubuhi sana: mbuzi na ng'ombe huzungushwa mbele ya wanunuzi walioketi kwa duara, bei hutajwa kwa sauti, na kabla jua halijawa kali shughuli inakuwa imekwisha. Mwombeeni mama nafasi ya kukaa karibu na duara. Vijana wa pale humheshimu mzee na watampisha. Baada ya hapo mnywe chai, mpande Jebel Akhdar taratibu, na huko juu mkae siku mtakazobakiwa nazo.